Mlango Usio na Bawabu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: habari za maonyesho ya picha yanayofanywa kila mwaka mjini Paris

Wale mliokusanyika darasani sogeeni karibu na redio, kila mtu apate kusikia. Mwenye karatasi hizi mkononi na afuate kwa macho, taratibu, wakati tunaposoma. Neno likikushinda liwekee alama kwa kalamu, usisimame. Mwisho wa somo tutayaeleza maneno magumu.

Leo tutazungumza juu ya picha na watu wanaozichora. Lakini zaidi tutazungumza juu ya mlango. Mlango wenyewe uko mbali, katika mji wa Paris, nchi ya Ufaransa. Kwa muda wa miaka mingi wachoraji wa mji ule waligombana juu ya jambo moja: ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba picha hii ni nzuri, itazamwe na watu, na ile ni mbaya, irudishwe nyumbani kwa mwenyewe?

Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni kweli mara nyingi. Mwenye maembe matamu sokoni hana haja ya kupiga kelele. Lakini hebu fikirini: maembe yake yakizuiwa kwenye lango la soko, wanunuzi watayaonjaje? Hilo ndilo swali la somo letu.

MAONYESHO YA ZAMANI

Paris ilikuwa na maonyesho ya picha tangu mwaka 1667, zamani za Mfalme Louis wa 14. Maonyesho hayo yaliitwa Salon, na jina hilo lilitokana na ukumbi mmoja wa jumba la Louvre ambamo picha zilitundikwa. Mwanzoni wenye ruhusa ya kuonyesha walikuwa ni wanachama wa chuo cha sanaa cha mfalme tu. Baada ya mapinduzi ya 1789 wachoraji wengine nao wakaruhusiwa kuleta picha zao. Lakini picha zilizoletwa zilikuwa nyingi kuliko kuta za kuzitundikia. Kwa hiyo baraza la waamuzi lilikaa, likatazama kila picha, likasema: hii iingie, hii irudi.

Msidhani kwamba hilo lilikuwa jambo dogo. Siku zile mchoraji hakuwa na njia nyingi za kujulikana. Matajiri walikuja kwenye Salon kununua picha. Serikali ilinunua hapo picha za majumba yake. Magazeti yaliandika habari za picha zilizotundikwa hapo. Mchoraji aliyekataliwa alikuwa kama seremala anayetengeneza meza nzuri, kisha akakatazwa kuitoa nje ya chumba chake.

Tena kulikuwa na mhuri. Picha iliyokataliwa iligongwa nyuma yake herufi R, herufi ya kwanza ya neno la Kifaransa lenye maana ya kwamba imekataliwa. Ni herufi moja tu. Lakini ninyi mnaojifunza kusoma mnajua nguvu ya herufi moja. Mnunuzi akiigeuza picha na kuiona R, huirudisha mahali pake, akaenda zake.

Mwaka 1863 waamuzi walikataa picha na sanamu zaidi ya 2,000. Manung'uniko yakawa makubwa hata yakamfikia mtawala wa Ufaransa, Napoleon wa Tatu. Akaenda mwenyewe kutazama. Kisha akaamuru kwamba zile zilizokataliwa nazo zitundikwe, katika sehemu nyingine ya jengo lile lile, ili watu wazione na kuamua wenyewe.

Watu walikuja kwa maelfu, na wengi wao walikuja kucheka. Walicheka hasa mbele ya picha ya Édouard Manet. Picha hiyo ilionyesha mwanamke aliye uchi ameketi msituni pamoja na wanaume wawili waliovaa nguo zao zote, na kando yao kikapu cha chakula. Leo picha hiyo imo katika jumba la makumbusho la Orsay mjini Paris, na watu wa nchi zote huja kuitazama. Hakuna anayecheka.

Lakini amri ile ya mtawala haikuondoa baraza la waamuzi. Miaka iliyofuata wakaendelea kukataa. Mwaka 1866 mchoraji mmoja, Jules Holtzapffel, picha zake zilipokataliwa, alijiua. Hatulitaji jambo hili ili kuwatisha. Tunalitaja mpate kujua kwamba kwa watu wale neno "irudi" halikuwa neno la mchezo.

CHAMA KIPYA

Mwaka 1884 picha nyingi zilikataliwa tena. Safari hii waliokataliwa hawakungoja amri ya mtu mkubwa. Waliungana, wakapata kibanda katika uwanja wa Tuileries, katikati ya Paris, na mwezi wa Mei wakafungua maonyesho yao wenyewe. Wachoraji zaidi ya 400 walionyesha.

Mmoja wao alikuwa Georges Seurat, kijana wa miaka 24. Picha yake ilikuwa na upana wa mita tatu na urefu wa mita mbili. Ilionyesha wanaume na wavulana wakipumzika kando ya mto Seine siku ya joto. Wengine wameketi majanini, wengine wamo majini, na kwa mbali moshi wa viwanda unapanda. Hawakuwa wafalme wala majemadari. Walikuwa watu wa kawaida, wamechorwa kwa ukubwa ambao wachoraji wa zamani waliwawekea wafalme. Salon iliikataa. Kwenye kibanda cha Tuileries ilikubaliwa, lakini hata hapo haikupata mahali pazuri: ilitundikwa kwenye sehemu ya kuuzia vinywaji. Leo picha hiyo imo London, katika National Gallery.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kila mwanachama wa chama cha ushirika atalielewa. Kikundi kile cha kwanza kilikuwa na nia njema, lakini fedha zake hazikutunzwa vizuri. Hesabu hazikueleweka, na wajumbe wa halmashauri wakagombana. Baadhi ya wachoraji wakaona kwamba nia njema peke yake haitoshi. Lazima kuwe na katiba, na hesabu ziandikwe. Aliyeongoza mikutano yao ni Albert Dubois-Pillet, afisa wa jeshi aliyejifunza kuchora bila mwalimu. Mwezi wa Juni mwaka ule ule wa 1884 wakaandikisha chama kipya kwa utaratibu wa sheria. Kwa Kifaransa kiliitwa Société des Artistes Indépendants, yaani Chama cha Wachoraji wa Kujitegemea. Kati ya waanzilishi wake alikuwamo Seurat, na pia Paul Signac, kijana wa miaka 20. Maonyesho yao yakajulikana kwa jina la Salon des Indépendants.

Kanuni yao kubwa ilikuwa na maneno manne tu: bila waamuzi, bila zawadi.

Bila waamuzi maana yake ni kwamba mtu yeyote anayelipa ada hupewa sehemu yake ya ukuta. Haulizwi alisoma chuo gani. Haulizwi ni mtoto wa nani. Na bila zawadi maana yake nini? Mtu anaweza kusema, zawadi ina ubaya gani? Lakini wale watu walifikiri sana. Ukiweka zawadi, lazima awepo mtu wa kusema nani aipate. Basi mwamuzi uliyemtoa kwa mlango wa mbele umemrudisha kwa mlango wa nyuma.

Mwezi wa Desemba 1884 chama kilifanya maonyesho yake ya kwanza, kwa kusaidia watu waliopatwa na kipindupindu. Fedha zilizopatikana hazikutosha hata kulipa gharama. Mwaka 1885 hawakuonyesha kitu. Lakini hawakukata tamaa. Mwaka 1886 wakafungua tena, na kutoka hapo ikawa desturi ya kila mwaka. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walisimama, tangu 1915 hata 1919, na mwaka 1920 wakaanza tena katika jumba kubwa liitwalo Grand Palais.

Hapo tusimame kidogo. Mwalimu, waulize wanafunzi wako: je, kanuni ile ya maneno manne ni nzuri? Ina hatari gani? Ongeeni kwa dakika chache, kisha tuendelee.

MTOZA USHURU

Sasa tutawaeleza habari za mtu mmoja aliyepita katika mlango ule. Jina lake Henri Rousseau. Alizaliwa mwaka 1844 katika mji wa Laval, na baba yake alikuwa fundi bati. Alipokuwa mtu mzima alipata kazi ya ushuru mjini Paris. Siku zile bidhaa zilizoletwa kuuzwa mjini zilitozwa ushuru malangoni. Rousseau alikaa hapo akikagua mizigo na kutoza fedha. Hakuwa na cheo kikubwa, wala hakupata kusoma chuo cha sanaa.

Lakini alipenda kuchora. Alichora katika saa zake za kupumzika. Mwaka 1884, alipokuwa na umri wa miaka 40, alipata kibali cha kuingia Louvre na kunakili picha za mabingwa wa zamani, ili ajifunze. Mwaka 1886 alipeleka picha zake kwenye maonyesho ya Wachoraji wa Kujitegemea. Mojawapo ilionyesha mwanamume na mwanamke wadogo, wamevaa nguo za sikukuu, wanapita chini ya miti mirefu isiyo na majani, na mwezi unawaangaza. Watu wakaja, wakaona, wakacheka. Walisema amechora kama mtoto.

Mwaka uliofuata akaleta tena. Wakacheka tena. Karibu kila mwaka, tangu 1886 mpaka 1910, alileta picha zake. Maneno ya magazeti aliyakata kwa mkasi na kuyabandika katika daftari lake, ya kumsifu na ya kumdhihaki pia.

Mwaka 1891 alileta picha ya simbamarara katika msitu, wakati wa tufani. Mvua inanyesha kwa mshazari, majani yamelazwa na upepo, na mnyama ametoa meno. Wengi walicheka, lakini mchoraji mmoja kijana, Félix Vallotton, aliandika gazetini kumsifu. Na Rousseau hakuwahi kuuona msitu wa namna ile. Hakutoka Ufaransa maisha yake yote. Alikwenda katika bustani ya serikali mjini Paris, mahali ilipooteshwa mimea ya nchi za joto, akaitazama sana, na wanyama aliwatazama katika vitabu vya picha. Mtu anayeujua msitu ataona kwamba majani mengine katika picha zake hayamo katika msitu wowote duniani. Lakini ataona pia kwamba giza la msitu limo, na hofu imo.

Mwaka 1893 aliacha kazi ya ushuru, ana umri wa miaka 49, ili achore mchana kutwa. Pensheni yake ilikuwa ndogo. Aliongeza riziki kwa kuwafundisha majirani kupiga fidla na kuchora. Baadaye alifundisha uchoraji katika chama cha elimu ya watu wazima. Ndiyo, ndugu zangu, katika madarasa kama haya yenu.

Mwaka 1897 alionyesha picha ya mwanamke mweusi, mpiga muziki, amelala jangwani usiku. Chombo chake cha muziki na mtungi wa maji viko kando yake. Simba mkubwa amesimama, anamnusa, wala hamdhuru. Rousseau aliandika barua kwa meya wa mji wa Laval alikozaliwa, akimwomba mji uinunue picha hiyo. Mji haukuinunua. Leo picha hiyo imo New York, katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa, na imekuwako huko tangu 1939.

Mwaka 1908 mchoraji kijana wa Kihispania, Pablo Picasso, alikuta katika duka la vitu vikuukuu picha ya mwanamke iliyochorwa na Rousseau. Mwenye duka alimwuzia kwa faranga 5, akamwambia kwamba kitambaa chake bado ni kizuri, aweza kuchora juu yake picha nyingine. Picasso hakuchora juu yake. Aliitunza mpaka alipokufa mwaka 1973. Mwaka ule ule wa 1908 Picasso na rafiki zake walimfanyia mzee Rousseau karamu.

Mwaka 1910 Rousseau alileta kwenye maonyesho picha yake kubwa ya mwisho. Inaitwa Ndoto. Mwanamke yuko uchi juu ya kochi, na kochi lenyewe liko katikati ya msitu. Simba wanatazama kutoka majanini. Mpiga zumari mweusi anasimama gizani. Nayo pia leo imo New York. Mwezi wa Septemba mwaka ule Rousseau alikufa. Waliosimama kaburini walikuwa watu wachache tu. Mmoja wao alikuwa mwenye nyumba wake. Mwingine alikuwa Paul Signac, yule kijana wa 1884, ambaye sasa alikuwa rais wa chama. Mwaka 1911 chama kilitundika picha nyingi za Rousseau pamoja, kwa kumkumbuka.

PUNDA

Tumesema kwamba picha ya Ndoto ilionyeshwa mwaka 1910. Katika maonyesho yale yale, chini ya paa lile lile, ilitundikwa picha nyingine. Ilionyesha kitu kama jua linalozama baharini, rangi ya machungwa juu na buluu chini, na aliyeichora aliandikwa kuwa ni Boronali, Mwitaliano. Watu walipita, wakatazama, na magazeti yakaitaja.

Kisha ikajulikana kwamba hapakuwa na Boronali. Mwandishi mmoja, Roland Dorgelès, pamoja na rafiki zake, walikwenda kwenye kilabu kimoja katika mtaa wa Montmartre. Mwenye kilabu alikuwa na punda jina lake Lolo. Walimfunga brashi ya rangi mkiani, wakaweka kitambaa nyuma yake, wakampa karoti. Punda alipofurahi alitikisa mkia, na mkia ukapaka rangi. Afisa wa mahakama aliitwa kushuhudia na kuandika kwamba ndivyo ilivyokuwa. Picha ile iliuzwa kwa faranga 400.

Mji mzima ulicheka. Na wengine waliuliza, si kwa mzaha: maonyesho gani haya yanayomwingiza punda? Hiyo ndiyo hatari ya mlango usio na bawabu. Penye wengi pana mengi.

Lakini tufikiri vizuri. Chama hakikuahidi kwamba kila kilichomo ndani ni kizuri. Kiliahidi kwamba hakuna atakayezuiwa. Kwa hiyo punda Lolo hakuivunja katiba; alithibitisha kwamba inafuatwa. Na tazameni jambo hili. Mwaka ule mlango ule ule ulipitisha mkia wa punda na Ndoto ya Rousseau. Kama angewekwa bawabu wa kumzuia punda, je, angemwachia mzee wa ushuru apite? Kwa miaka 24 karibu mji mzima ulikuwa ukisema kwamba mzee yule hajui kuchora. Bawabu naye ni mtu wa mji ule ule. Angewazuia wote wawili, akajiona amefanya kazi njema.

MLANGO NDANI YA MLANGO

Hata hivyo, msidhani kwamba kuondoa waamuzi kuliondoa ugomvi wote. Picha ikishaingia, lazima mtu aamue itundikwe wapi. Kumbukeni picha ya Seurat kwenye sehemu ya vinywaji.

Mwaka 1911 wachoraji kadhaa vijana, kati yao Jean Metzinger, Albert Gleizes, Robert Delaunay na Fernand Léger, walitaka picha zao zikae pamoja. Walichora vitu kana kwamba vimekatwa vipande vyenye pembe, kisha vikaunganishwa tena. Walipata chumba namba 41. Watu walijazana humo, wengine wakikasirika, wengine wakicheka. Jina la mtindo wao likaenea: Kubizimu, kutokana na neno lenye maana ya mchemraba. Kama picha zao zingetawanywa huku moja na huku moja, labda hakuna ambaye angeona kwamba jambo jipya limeanza.

Lakini mwaka uliofuata, 1912, kijana mmoja aitwaye Marcel Duchamp alileta picha ya mtu aliye uchi akishuka ngazi. Alimchora mara nyingi, hatua juu ya hatua, kama mashine inayokwenda. Wale wale waliochekwa mwaka jana hawakuipenda. Waliona kwamba haifuati mtindo wao, na jina lake hawakulipenda. Hawakuwa na haki ya kuikataa, kwa maana katiba ilikataza. Basi wakawatuma ndugu zake wawili wamwombe alibadilishe jina, au aiondoe picha. Duchamp hakubishana. Alikwenda, akaichukua picha yake, akaondoka nayo kwa teksi. Hivyo ndivyo waliokataliwa jana walivyogeuka mabawabu leo.

Baadaye Duchamp alikwenda Marekani. Huko New York wachoraji waliunda chama kama kile cha Paris, chenye kanuni ile ile: bila waamuzi, bila zawadi. Ada ilikuwa dola 6. Mwaka 1917 walifanya maonyesho ya kwanza, na Duchamp alikuwa mmoja wa viongozi. Akataka kujua kama watalishika neno lao. Akanunua chombo cha kukojolea wanaume, cha udongo mweupe, kama kile cha vyooni, akakitia saini ya jina la uongo, R. Mutt, akakipeleka pamoja na dola zake 6. Viongozi walibishana, wakapiga kura, na chombo hakikuonyeshwa. Duchamp akajiuzulu. Mpaka leo watu wanabishana kama chombo kile kilikuwa sanaa ama sivyo. Sisi hatutaamua. Lakini jambo moja ni wazi: waliosema "bila waamuzi" siku ile walikaa wakaamua.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wasikilizaji wetu, saa yetu inakwisha. Hebu tufanye hesabu.

Mlango ule uliwapitisha watu wengi ambao leo majina yao yanajulikana. Vincent van Gogh alionyesha hapo mwaka 1888, mwaka 1889 na mwaka 1890. Picha yake ya maua ya Irises, iliyotundikwa hapo mwaka 1889, iliuzwa New York mwaka 1987 kwa dola milioni 53.9. Van Gogh mwenyewe alikufa mwaka 1890, maskini, akisaidiwa na ndugu yake. Maana yake ni nini? Ni kwamba mlango ulikuwa wazi, na picha ilikuwa ukutani, lakini wengi walipita mbele yake bila kuiona. Mlango ukiwa wazi humwingiza mtu. Haumpi mtazamaji macho.

Basi tukirudi kwenye methali yetu, tutasema hivi. Kizuri chajiuza, naam, lakini kwanza lazima kifike sokoni, na lazima awepo mtu anayejua kutazama. Waamuzi wakiwapo, mtazamaji hupumzika, kwa sababu ameambiwa kizuri ni kipi. Waamuzi wakiondoka, kazi inakuwa yake mwenyewe. Atasimama mbele ya picha ya punda na picha ya Rousseau, wala hakuna mhuri nyuma yake wa kumsaidia. Itampasa atazame, atazame tena, kisha aseme aonavyo, na pengine mwakani abadili neno lake bila aibu.

Ndivyo ilivyo na kusoma. Tulipokuwa hatujui kusoma, mtu alitusomea barua, nasi tukaamini alivyotusomea. Sasa tunasoma wenyewe. Tutakosea mara nyingine. Lakini macho ni yetu.

Maonyesho ya Wachoraji wa Kujitegemea yanaendelea kufanywa mjini Paris. Tangu mwaka 2006 yamekuwa yakifanywa pamoja na maonyesho ya vyama vingine vya wachoraji, chini ya jina moja la Art Capital. Kati ya picha zinazotundikwa, nyingi zitasahauliwa. Huenda mojawapo imechorwa na mtu aliyeanza ana miaka 40, baada ya kazi, na watu wanaipita wakicheka.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Herufi R iliyogongwa nyuma ya picha iliwadhuru wachoraji kwa namna gani?

2. Kwa nini chama cha 1884 kilikataa kutoa zawadi?

3. Kikundi cha kwanza kilishindwa kwa sababu ya hesabu za fedha. Je, mmepata kuona jambo kama hilo katika chama chenu? Mlilitengenezaje?

4. Rousseau alichekwa miaka mingi, lakini hakuacha. Mngemwambia nini kama angekuwa mwanafunzi wa darasa hili?

5. Wengine wanasema kwamba bila bawabu ubora hupotea. Wengine wanasema kwamba bawabu huwazuia wenye vipaji vipya. Gawanyikeni pande mbili, mjadiliane.

MANENO MAGUMU

Ada: fedha anayolipa mwanachama.

Bawabu: mtu anayelinda mlango na kuamua nani aingie.

Dhihaki: kumcheka mtu kwa kumdharau.

Halmashauri: kamati, watu waliochaguliwa kuongoza shughuli za chama.

Katiba: sheria kubwa ya chama au ya nchi.

Kunakili: kuandika au kuchora tena kitu kama kilivyo.

Mchemraba: umbo lenye pande sita zilizo sawa, kama kipande cha sukari.

Mshazari: kwa kuinama upande, si wima wala si kulala.